Sloti ya Tatu

Dada yangu aliondolewa kwenye kwaya kwa sababu ya kadi ya sauti. Nimeshalisema hilo msibani, nimelisema kijiweni, nimelisema kwa kinyozi kichwa kikiwa nusu kimenyolewa, na kila mara anatokea mtu wa kucheka akidhani natania. Sitanii. Kadi ya sauti, kipande cha plastiki ya kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu, ilikaa sloti ya tatu ya kompyuta yangu badala ya ya pili, na kwa hiyo dada yangu akakaa benchi la nyuma kanisani, lile la walio chini ya marudi, adhabu ya kanisa, msimu mzima wa kahawa.

Nianze na dada mwenyewe, maana usipomjua utaona naongelea kompyuta tu.

Mama alifariki mimi sijaanza hata shule. Dada akaacha kusoma, akanilea. Kwetu ni Ihanda, kahawa na mahindi kama nyumba zote za kule, na yeye ndo alilima, ndo aliuza, ndo alinichapa, ndo alinifuta kamasi. Akaja akaolewa, akaja akafiwa na mume, akaendelea. Mtu akimgusa dada amenigusa kwenye jicho. Najua nina hasira za karibu, wameniambia wengi, na wote walioniambia walikuwa wamemsema dada.

Hana cheti, hana cheo. Ana sauti. Kwaya yetu nyimbo zake zinaanza na mtu mmoja, anaimba peke yake bila ngoma, bila kayamba, bila kinanda, beti nzima, kisha wote wanaingia kama mvua juu ya mabati. Huyo mtu mmoja ni dada toka mimi nikiwa nabebwa mgongoni. Akianza, watoto wanaogombana nje ya kanisa wananyamaza. Siku za kazi ni mama wa kawaida tu, anavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kuchukua vitenge, anarudi navyo kijijini, anabishana na wateja. Jumapili akisimama pale mbele ni mtu mwingine. Hicho ndo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukilima.

Mimi nina studio hapa Tunduma, mtaa wa Majengo, chumba kimoja kikubwa chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele za malori. Sijasomea. Nilijifunza kwa kuharibu. Kompyuta yangu ni ya zamani, na watu wananicheka nayo, lakini ina kadi ambayo hizi mpya hazina mahali pa kuiweka: inapokea maiki nane kwa wakati mmoja. Niliitoa Nakonde kwa Mzambia mmoja ambaye redio yao ya mtaani ilikuwa imekufa. Aliipangusa vumbi na shati lake akaniambia, "Yaliwama, ba boss," yaani ni nzuri. Na ilikuwa nzuri. Nikaichomeka kwenye sloti iliyokuwa na nafasi ya kupitisha mkono vizuri, ya tatu kutoka juu, nikafunga skrubu, nikaanza kazi.

Kwaya ya kwetu iliposema inakuja kurekodi, nilipaka chumba rangi.

Kwetu kwaya hairekodi hivihivi. Kwanza wanafunga na kuomba. Kisha wanakaa wote, na mwenye neno na mwenzake anamtafuta, wanashikana mikono, wanapatana, kwa sababu wanaamini sauti inabeba kilichoko moyoni, na kikirekodiwa kimerekodiwa. Pia hawaimbi mmoja mmoja kwenye maiki kama vijana wa siku hizi. Wanasimama wote kama wanavyosimama kanisani na wanaimba wote mara moja. Mwenyekiti wa kwaya anasema sauti zikichukuliwa mojamoja hiyo si kwaya, ni watu waliokutana stendi.

Huyo mwenyekiti ni mzee mkulima wa kahawa, mpole, Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama Kinyiha, lugha ya kwetu, hajawahi kunifokea toka nizaliwe. Ningefurahi angekuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Walifika na sare zao, bluu na kola nyeupe, kana kwamba maiki ina macho. Dada akaanza. Nikiwa na hedifoni masikioni sikusikia chochote cha ajabu, nilikuwa nimeshikwa na ile sauti, nilikuwa nawaza tu kwamba sasa hata akifa nitakuwa nayo. Wimbo ukaisha, wakapiga vigelegele, nikawapigia waliyoimba kwenye spika kubwa.

Beti ya dada ikatoka na bisi. Unajua mahindi yanavyoanza kupasuka kwenye sufuria, moja, kimya, mbili tatu, kimya. Hivyo. Ta. Tata. Kisha kwaya yote ikaingia na zile bisi hazikusikika tena.

"Ni nini hicho, fundi?" mwenyekiti akauliza.

"Kelele ndogo tu, mzee. Waya. Turudie."

Tukarudia. Dada akaimba, kwaya ikaingia. Nikapiga. Ta, tatata, kwenye beti ya dada, na kwaya ilipoingia, safi.

Mama mmoja wa sauti ya pili akasema, si kwa sauti kubwa, "Mbona kwake tu?"

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha maiki. Tukarudia. Ikatoka vilevile, na safari hii ilipasuka palepale kwenye jina la Yesu. Dada alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Hebu aanze mwingine," mwenyekiti akasema. "Tuone kama ni waya."

Nilikubali. Nilijua ni waya, nikakubali ili waone. Akatoka binti mmoja wa sauti ya kwanza, akaimba ile beti kwa sauti nyembamba kama uzi. Nikapiga. Safi. Hakuna bisi hata moja. Safi kama maji ya Ileje.

Sikumbuki nani alisema "tuombe". Waliomba. Kisha wakakunja sare zao, wakapanda gari, na dada akakaa kiti cha mbele karibu na dereva, peke yake, kwa sababu hakuna aliyekaa naye.

Yaliyofuata kwenye kikao chao aliniambia dada mwenyewe. Nilipanda Ihanda nikamkuta kwenye kahawa, anachuma, kikapu kiunoni.

"Wamekuuliza nini?"

"Wameniuliza kama nina jambo na mtu."

"Ukasema?"

"Nikawaza kwanza."

"Dada, unawaza nini? Unasema sina, unakaa."

"Nikasema, nani hana?"

Nikamwangalia. Aliendelea kuchuma, nyekundu tu, anaacha za kijani, mikono yake inajua.

"Hiyo wameichukua kwamba umekiri," nikasema.

"Najua."

"Sasa umekiri nini?"

"Mdogo wangu, naenda Nakonde, nalala kule siku nyingine nikichelewa mpaka. Unajua watu wanasema nini. Nina shemeji sijaongea naye toka msiba. Nina siku nilimtukana mtoto wa watu. Wameuliza, nimejibu. Ningesema sina, ningekuwa muongo mbele ya Mungu."

"Na maneno ya Nakonde ni kweli?"

Akanipiga jicho ambalo hajanipiga toka nikiwa na miaka kumi. Nikaomba radhi palepale, katikati ya mibuni.

Walikuwa wameshachukua sare yake. Alikuwa ameifua kabla ya kuirudisha, akaipiga na pasi. Hilo ndo liliniumiza kuliko yote, ile pasi.

Nikashuka Tunduma na nadhiri moja: nitaitafuta ile bisi mpaka niipate, nipande nayo Ihanda, niwawekee mezani waione, na dada arudishiwe jina lake. Sikusema arudishwe kwenye kwaya. Nilisema jina lake.

Nilianza na makosa yote ya mtu asiyesomea. Nilichimba nikafukia chuma cha ethi nje ya dirisha. Nikabadilisha pawasaplai. Nikapiga windo, ile programu kuu ya kompyuta, upya, nikarudia tena. Nilifanya hayo asubuhi za Jumapili, maana nilikuwa nimeacha kwenda kanisani, na Jumapili malori yanapungua kelele. Ningekaa narekodi ukimya, maiki ziko wazi chumba kitupu, nasikiliza. Wakati mwingine saa nzima safi. Wakati mwingine ta, tata. Nilikuwa natukana mwenyewe kama kichaa.

Sasa hapa Tunduma kila mtu anajua, ukikaa Majengo simu yako haijui iko nchi gani. Unakunywa chai, inaingia meseji: karibu Zambia. Humalizi kikombe: karibu tena Tanzania. Kompyuta yangu nilikuwa nimeichomekea modemu ya intaneti kwenye tundu la USB, ya kutumia watu nyimbo zao, na siku zote iko pale, imewaka taa, nimeshaizoea kama msumari ukutani. Jumapili moja nimekaa hivyo, nasikiliza ukimya, ile taa ya modemu ikageuka kutoka bluu kwenda kijani. Imevuka mpaka. Na sekunde hiyohiyo kwenye hedifoni: tatata.

Nikakaa naitumbulia macho. Ikageuka tena bluu. Tata.

Ngoja nieleze, sitatumia maneno ya kujitutumua. Ndani ya kompyuta kuna kichwa kimoja kinachofanya kazi zote, prosesa. Hicho kichwa hakizungukizunguki kukiuliza kila kifaa kama kina shida, kingefanya hivyo kisingemaliza kazi yoyote. Vifaa ndo vinakigongea. Ukibonyeza herufi, kibodi inagonga. Diski ikimaliza kuandika, inagonga. Kadi ya sauti ikijaza kindoo chake, inagonga: njoo umwage, nafurika. Na kila kifaa kinapewa namba ya kugongea, ili kichwa kijue aliyegonga ni nani. Kwenye mashine za zamani kama yangu hizo namba ni chache, na nyingi zina wenyewe toka kiwandani. Saa ina yake, kibodi ina yake, diski ina yake.

Zilizobaki zinagawiwa. Anayegawa kwanza ni bayosi, ile programu ndogo iliyochomwa kwenye mazabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa ndani, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Inapita sloti kwa sloti, nani yupo, nani hayupo, wewe shika hii, wewe shika ile. Kisha windo inaamka, inaupokea ule mgao, na ikitaka inaupangua kwa akili zake. Namba zisipotosha, vifaa viwili vinapewa namba moja. Kwenye maandishi wanasema haina shida. Ni kama nyumba zetu za kupanga hapa mtaani, vyumba sita, geti moja. Mgeni akigonga, anayefungua anapita mlango kwa mlango. Mgeni wako? Si wangu. Mgeni wako? Si wangu. Anavyozunguka hivyo, mgeni mwenyewe yuko nje ananyeshewa.

Na sloti hazifanani, hata kama kwa macho ni mapacha. Kila moja ina waya wake ulioungwa kiwandani, na ile ya tatu kwenye mazabodi yangu waya wake umeungana na wa matundu ya USB. Nilifungua orodha ya vifaa kwenye kompyuta, nikaangalia namba. Kadi ya sauti, kumi na moja. USB, kumi na moja. Modemu ilipovuka mpaka ilikuwa inagonga kama mwehu, kichwa kinakimbilia mlango wa modemu, na huku nyuma kindoo cha sauti kinafurika. Sauti inayomwagika ndo ile bisi.

Ilikuwa inapasuka kila modemu ilipovuka, aimbe nani. Kwaya nzima ikiimba ilikuwa inapasuka pia, tatizo imefunikwa na sauti za watu wote wale na ngoma na kayamba. Inasikika tu mtu akiimba peke yake. Na anayeimba peke yake ni mmoja. Yule binti wa sauti ya kwanza, ile beti yake moja, modemu ilikuwa imetulia Tanzania.

Niliingia kwenye bayosi nikazima tundu la printa na matundu mengine ya zamani ambayo hayachomekwi kitu lakini yalikuwa yameshikilia namba bure. Nikaiambia isahau mgao wa zamani igawe upya. Nikawasha. Kumi na moja, kumi na moja. Waya ni waya. Nikazima, nikafungua skrubu, nikaing'oa kadi sloti ya tatu, nikaichomeka ya pili, mkono unachubuka kwenye bati. Nikawasha. USB kumi na moja. Kadi, tano.

Nikakaa nasikiliza ukimya mpaka modemu ikavuka kwenda Zambia na kurudi, na kwenda tena. Hakuna kitu. Safi. Nililia, na sioni haya kusema. Nilidhani yameisha.

Kesho yake nikapanda Ihanda na ile kompyuta yote, nimeifunga kwenye blanketi, na spika. Nikamkuta mwenyekiti nyumbani kwake anageuza kahawa kwenye vichanja. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda, nikamfungulia ubavu wa mashine palepale uani. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, geti na vyumba na ndoo. Nikamwonyesha sloti ya pili, nikamwonyesha ya tatu. Nikamwekea kadi sloti ya tatu, nikachomeka modemu, na kwa kuwa kule haivuki mpaka niliichomoa na kuichomeka mwenyewe ili igonge. Tatata. Nikahamisha, nikarudia. Safi. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata mara moja.

"Mwanangu, umefanya kazi kubwa," akasema.

"Kwa hiyo umeelewa, baba."

"Nimeelewa. Mashine ilikuwa na hitilafu."

"Basi dada hana kosa."

Akaokota punje mbovu, akaitupa.

"Hiyo kadi, nani aliiweka hiyo sloti ya tatu?"

"Mimi."

"Na hukujua."

"Sikujua."

"Na hiyo ya simu kuvuka mpaka, siku ile nani aliipangia ivuke dada yako akiimba, itulie binti akiimba?"

"Hakuna aliyepanga, baba. Ni mtandao."

"Wewe unasema hakuna." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemvalisha mtoto shati. "Mungu anaweza kutumia hata waya. Tuliuliza kwa sababu ya mashine, ni kweli. Lakini aliyejibu si mashine. Dada yako alijibu mwenyewe."

"Alisema nani hana. Wewe unalo? Ninyi wote pale hamna?"

"Tunalo. Ila sisi hatukuulizwa."

Hapo nikawaka. Nilisema maneno ambayo kwa mzee kama yule hayasemwi. Nilimwambia Mungu wake anakaa sloti ya tatu. Mkewe akatoka ndani na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Mwenyekiti hakupandisha sauti. Akaniambia mlango wa kurudi uko wazi: dada asimame mbele ya washirika, aombe msamaha, atapokelewa siku hiyohiyo, na yeye mwenyewe ndo atakuwa wa kwanza kumkumbatia. Akanisaidia kufunga kompyuta kwenye blanketi. Alikuwa anashikilia ncha moja ya kamba, mimi namtukana, na yeye anashikilia kamba.

Nilienda moja kwa moja kwa dada.

"Usisimame," nikamwambia. "Hata siku moja. Nina ushahidi. Nitaenda kwa mchungaji, nitaenda jimboni."

"Ukifika jimboni watafanya nini?"

"Wataona ni kadi."

"Kisha?"

"Kisha watakuomba wao msamaha."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Mdogo wangu. Wazee waniombe mimi msamaha mbele ya kanisa. Unaniona nani?"

"Sasa utatubu nini? Utasimama useme nisameheni nimekosa, nilichomekwa sloti ya tatu?"

"Nitasema nisameheni. Hawaulizi kwa lipi."

"Ukisimama umekubali. Itabaki hivyo milele, hata ukifa."

"Nimekaa nyuma pale," akasema, "wanaimba nyimbo zangu. Yule mtoto anaanza juu sana, wakifika katikati wanakosa pumzi, wote, nawaona. Nakaa nyuma pale nauma kitambaa. Wewe unataka jina langu. Mimi nataka kuimba."

Nikamwambia akisimama nisimwone studio kwangu. Nilitoka bila kuaga.

Alisimama. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa. Alivaa kanga ya kawaida, akapiga magoti, akasema nisameheni, mwenyekiti akamwinua na kumkumbatia kama alivyoahidi, watu wakalia, akavalishwa sare palepale, ileile aliyoipiga pasi. Wanasema siku ile aliimba mpaka mchungaji akashindwa kuhubiri.

Kisha wakaja kurekodi. Yeye ndo alitangulia kuingia, akasimama mlangoni akasema, "Nimekuja hapa ulikonikataza." Nikasogeza kiti. Ningefanya nini? Nilikuwa nimeshapanga maiki toka asubuhi.

Aliimba. Nikapiga kwenye spika. Hakuna bisi. Ile beti imetoka nzima, kila neno, hata pumzi yake kabla ya kuanza unaisikia. Walisimama wanaitazama spika. Kisha yule mama wa sauti ya pili, yuleyule wa "mbona kwake tu", akapiga magoti kwenye zulia langu akaanza kushukuru. Wote wakashuka. Wanashukuru kwamba amesafishwa, na sauti imesafishwa, tumesikia wenyewe kwa masikio yetu. Mwenyekiti alinitazama mara moja tu, juu ya vichwa vyao. Alikuwa anajua. Alikuwa ameona sloti zote mbili uani kwake. Akafumba macho, akaendelea kuomba.

Walipotoka kwenda kunywa soda nikabaki na dada.

"Unajua ni kadi," nikasema. "Niliihamisha kabla hujasimama. Ilikuwa safi hata kabla."

"Najua ulihangaika, mdogo wangu."

"Sijakuuliza kama nilihangaika. Nakuuliza kama unajua."

Alikuwa anarekebisha kola yake.

"Lakini na mimi nilisikia tofauti," akasema. "Nilipopiga magoti pale, kuna kitu kilitoka. Nilikuwa mwepesi. Labda vyote viwili."

Njia ya kumwonyesha niko nayo, inahitaji bisibisi tu. Nairudisha kadi sloti ya tatu, nachomeka modemu, naye anaimba, na inapasuka mbele ya kwaya nzima. Halafu wanamrudisha nyuma. Ushahidi wangu wote nikiutumia, wa kwanza kuungua ni yeye.

Kwa hiyo kadi iko sloti ya pili mpaka leo. Nimeikaza skrubu mpaka kichwa chake kimelika, hakuna bisibisi itakayoifungua. Mafundi wenzangu wakitaka kunisaidia kupuliza vumbi ndani nawakatalia, wananiona mchoyo.

Na kazi zimeongezeka. Kwaya zinakuja kutoka Mbozi, zinashuka hata kutoka Ileje, wamefunga, wamepatana, wameingia na sare. Juzi ilikuja moja ya Ikinga, na dada alikuwepo, siku za kwaya huwa anakuja kuwapikia chai. Kiongozi wao, mzee wa koti, akaizunguka kompyuta yangu kwa mbali mikono nyuma, kama anaogopa kuiamsha.

"Fundi," akaniuliza, "hii ndo ile inayokataa mtu mwenye neno?"

Nilifungua mdomo. Dada akanitangulia, birika mkononi, anatabasamu, na sauti ileile ya kuanzia wimbo.

"Ndo yenyewe, baba. Mimi ilinikataa."

Wakageuka wote wakamtazama, wakamtazama tena kwa heshima. Nikachomoa modemu, ingawa kadi iko sloti ya pili, asije akakataliwa mtu mwingine, nikaitia mfukoni, nikawaambia wasogee kwenye maiki.